Mwanga Unaochungulia Mtungi: Infraredi ya Karibu na Giligili za Superkritiko

Mtungi wa chuma cha pua umefungwa kwa boliti nene. Ndani yake vimo vipande vya jeli ya silika, yaani kitu kile kile kinachounda mchanga na kioo, vilivyolowa ethanoli, na pampu inasukuma kaboni dioksaidi ipite katikati yake kwa shinikizo la bar 120 na joto la nyuzi 40 za Selsiasi. Anayeusimamia ana swali moja: ethanoli imekwisha kutoka, au bado? Akishusha shinikizo mapema, ethanoli iliyosalia katika vitundu vya jeli itajitenga na kuwa kimiminika, na vipande vyote vitapasuka au kusinyaa. Akichelewa, atakuwa amechoma umeme na kaboni dioksaidi ya saa nyingi bila faida yoyote. Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa mazoea: mashine iachwe kwa saa kadhaa zilizowahi kutosha, kisha ziongezwe nyingine ili roho itulie. Makala haya yanaeleza namna ya kulijibu kwa kutazama ndani ya mtungi wakati kazi ikiendelea, kwa kutumia mwanga usioonekana kwa macho, na yanaeleza pia kwa nini utazamaji huo una mtego ambao mtu asiyeifahamu tabia ya giligili hizi hunasa kwa urahisi.

Kuvuka kikomo

Kwanza tuielewe giligili yenyewe. Katika majengo mengi ya ofisi, Dar es Salaam au Mombasa, utakuta mtungi mwekundu wa kuzimia moto wenye mdomo mpana mweusi unaofanana na pembe. Huo ni mtungi wa kaboni dioksaidi. Katika chumba chenye joto la nyuzi 20, sehemu kubwa ya kilichomo ni kimiminika, juu yake ipo gesi, na shinikizo ni kama bar 57, yaani zaidi ya mara ishirini na tano ya upepo wa tairi la gari dogo. Lakini mchana wa Februari, joto likipita nyuzi 31 katika chumba kisicho na feni, ndani ya mtungi huo huwezi tena kusema hiki ni kimiminika na kile ni gesi. Kimebaki kitu kimoja kilichoujaza mtungi wote, kilichosongamana karibu kama kimiminika lakini kinachopenya na kutiririka karibu kama gesi. Hiyo ndiyo giligili ya superkritiko, yaani giligili iliyovuka nukta yake ya kikomo. Kwa kaboni dioksaidi, nukta hiyo ni nyuzi 31.0 na bar 73.8, ikiwa juu ya vipimo hivyo viwili kwa pamoja, hata uikandamize namna gani kwa shinikizo la kawaida la viwandani, haitengani tena kuwa tabaka mbili.

Mtu wa kwanza kulibaini jambo hili hakuliona kwa macho, alilisikia. Mwaka 1822 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alifunga kimiminika ndani ya kipande cha mtutu wa bunduki pamoja na gololi ya jiwe la gumegume, akaupasha moto huku akiubingirisha na kutega sikio. Gololi ilipokuwa ikipita kwenye kimiminika ilitoa sauti yake, na joto lilipofika mahali fulani sauti ile ikabadilika, kwa kuwa uso wa kimiminika haukuwapo tena. Thomas Andrews wa Belfast aliifanyia kazi kaboni dioksaidi katika mirija ya kioo, na katika mhadhara wake wa 1869 alionyesha kwamba hali ya gesi na hali ya kimiminika ni kitu kimoja kinachoendelea bila mpasuko, akataja joto la kikomo la nyuzi 30.92. Kipimo chake kinakaribiana mno na kile tunachokitumia leo. Nawataja wawili hawa kwa sababu shida yao ni ile ile ya msimamizi wetu: kinachotokea kinatokea ndani ya ukuta mnene, na mtu aliye nje anahitaji njia ya kupata habari bila kuufungua.

Jambo kubwa zaidi la kushika kuhusu giligili ya superkritiko ni msongamano wake, kwa maana msongamano ndio unaoamua inayeyusha nini na kwa kiasi gani. Maji ya bombani ukiyaongezea shinikizo maradufu, msongamano wake haubadiliki kwa kiasi cha kukushughulisha. Kaboni dioksaidi karibu na kikomo chake haiko hivyo. Katika nyuzi 40, kwa bar 80, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 278 hivi. Kwa bar 90 inafika 486. Kwa bar 100 inafika 629. Bar ishirini tu zimeuzidisha msongamano zaidi ya mara mbili. Baada ya hapo mwendo unapoa: kutoka bar 100 hadi bar 200 msongamano unapanda kutoka 629 hadi 840 tu. Kwa hiyo anayeendesha mchakato karibu na kikomo anafanya kazi mahali penye utelezi, ambapo mpigo mmoja wa pampu au nyuzi mbili za joto zinabadilisha nguvu ya kuyeyusha. Nguvu hiyo inayobadilika ndiyo inayofanya giligili hizi zitamanike, na pia ndiyo chanzo cha mtego nilioutaja.

Kahawa, jeli na mlipuko

Mfano unaojulikana zaidi ni kahawa. Katika miaka ya 1960, Kurt Zosel wa Taasisi ya Max Planck ya utafiti wa makaa ya mawe huko Mülheim, Ujerumani, aligundua kwamba kaboni dioksaidi ya superkritiko yenye unyevu inaweza kuitoa kafeini kwenye buni mbichi na kuacha sehemu kubwa ya vitu vinavyoleta ladha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 njia hiyo ilikuwa inatumika kiwandani Bremen. Buni lazima zilowe kwanza, kwa sababu kafeini iliyo ndani ya buni kavu imeshikwa na haiachii. Maji ndiyo yanayoifungua. Utoaji wa dondoo za hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, utoaji wa mafuta ya viungo, usafishaji wa vifaa na upenyezaji wa dawa ndani ya plastiki vilifuata njia hiyo hiyo, kila kimoja na masharti yake.

Jeli ya silika ina kisa chake. Mwaka 1931 Samuel Kistler, akiwa California, alifaulu kuondoa kimiminika katika jeli bila jeli yenyewe kuporomoka, akapata kitu chepesi kuliko yabisi yoyote iliyojulikana wakati huo, ambacho tunakiita aerojeli. Ugumu alioushinda unaeleweka kwa hesabu fupi. Jeli ya namna hiyo inaweza kuwa na zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake kimiminika, na vitundu vyake vina upana unaohesabiwa kwa nanomita. Kimiminika kikikauka kwa kawaida, uso wake unajipinda ndani ya kila kitundu na kuzivuta kuta zake. Kwa ethanoli katika kitundu chenye nusu kipenyo cha nanomita 10, mvuto huo unafika bar 44 hivi. Hakuna ukuta wa silika mwembamba kiasi hicho unaoustahimili. Giligili ya superkritiko haina uso, na pasipo uso hapana mvuto.

Zamani kimiminika chenyewe, yaani alkoholi, ndicho kilichopashwa moto hadi kivuke kikomo, na kwa methanoli hilo lilimaanisha nyuzi 240 na zaidi ya bar 80. Mwaka 1984 kiwanda cha aerojeli huko Sjöbo, kusini mwa Uswidi, kililipuka baada ya methanoli ya moto kuvuja. Mwaka uliofuata watafiti wa Berkeley, California, walichapisha njia ya kuiondoa alkoholi kwanza kwa kuibadilisha na kaboni dioksaidi, halafu kukausha kwa nyuzi zisizofika hata 45. Leo njia ya kaboni dioksaidi ndiyo inayotumika kwa wingi. Ina usalama zaidi, lakini imeleta swali lililotufungulia makala haya, kwa maana sasa vitu viwili vimo ndani ya mtungi kwa pamoja na kimoja kinapaswa kumfukuza mwenzake.

Kwa nini usichote tu na kupima

Anayezoea maabara ya kawaida atauliza kwa nini asifungue vali ndogo, achukue kijiko cha mchanganyiko, akapime. Anaweza, na wengi hufanya hivyo, lakini achukuacho si kile kilichokuwamo. Kaboni dioksaidi ikitoka kwenye bar 100 hadi shinikizo la hewa ya kawaida inatanuka karibu mara 350. Inapotanuka inapoa vibaya, mara nyingine hadi inageuka barafu kavu ya nyuzi 78 chini ya sifuri mdomoni mwa vali. Na kwa kuwa nguvu yake ya kuyeyusha ilitokana na msongamano, kila ilichokuwa imekibeba inakitupa hapo hapo: mafuta yanaganda kwenye bomba, unga unaziba tundu, ethanoli inatoka kwa vifundo, mara nyingi mara kidogo. Juu ya hayo, kila unapochota unashusha shinikizo la mtungi, na umeshaona bar chache zinavyoweza kubadilisha mambo. Kipimo kinachovuruga kinachopimwa hakisaidii. Mwanga unapita na kurudi, na mtungi haujui kama umepimwa.

Nyuzi za udi

Mwaka 1800 William Herschel, akiwa Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu na kuweka vipimajoto katika kila rangi. Kile alichokiweka kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana rangi yoyote, ndicho kilichopanda zaidi. Sehemu ile iliyo jirani kabisa na nyekundu, kuanzia nanomita 780 hadi 2500 hivi, ndiyo tunayoiita infraredi ya karibu.

Molekuli hufyonza mwanga huu kwa sababu vifungo kati ya atomu zake vinatetema. Fikiria uzi wa udi katika kikundi cha taarab. Ukiucharaza, unasikia sauti yake kuu, na juu yake, kwa mbali, sikio lililozoea linanasa sauti nyembamba za madaraja ya juu. Kifungo kati ya haidrojeni na kaboni, au kati ya haidrojeni na oksijeni, kina mtetemo wake mkuu ambao unafyonza infraredi ya kati. Madaraja yake ya juu, pamoja na mitetemo miwili inayounganika na kutenda kama mmoja, ndiyo yanayoangukia katika infraredi ya karibu. Uzi wa udi na kifungo cha molekuli vinatofautiana katika mambo mengi, lakini katika hili vinafanana: sauti za juu ni hafifu. Ufyonzaji katika infraredi ya karibu ni mdogo kwa makumi ya mara kuliko ule wa mtetemo mkuu.

Kwa muda mrefu unyonge huo ulihesabiwa kuwa kasoro, na wanakemia wengi waliipita sehemu hii ya mwanga bila kuitazama. Aliyeigeuza kuwa chombo cha kazi ni Karl Norris, mhandisi wa Idara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, ambaye katika miaka ya 1960 aliitumia kupima unyevu wa nafaka bila kuichoma wala kuisaga kwa dawa. Kwetu sisi wa mitungi ya shinikizo, unyonge huo ni neema. Mwanga unaofyonzwa kwa nguvu ungekwisha ndani ya sehemu ndogo ya milimita, na ungelazimika kuweka madirisha mawili yanayokaribia kugusana, giligili isipite vizuri katikati yake. Infraredi ya karibu inapita milimita kadhaa, hata sentimita, na inatoka upande wa pili ikiwa na habari.

Dirisha lenyewe halihitaji kitu adimu. Yakuti samawi inayotengenezwa kiwandani inapitisha mwanga huu bila shida na ni ngumu kiasi cha kubeba mzigo. Mzigo si mdogo: dirisha la duara lenye kipenyo cha sentimita mbili, kwa bar 120, linasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 380 hivi, kana kwamba fahali mkubwa amesimama juu ya sarafu. Nyuma ya dirisha, nyuzi za faiba za kioo zinaweza kuubeba mwanga makumi ya mita, hivyo kipimaji kikakaa chumba kingine, mbali na mtungi na mbali na mvuke wa alkoholi. Kioo cha faiba inabidi kiwe cha aina yenye hidroksili chache, kwa maana kifungo cha oksijeni na haidrojeni kilichomo ndani ya kioo chenyewe kitafyonza mwanga ule ule unaoutafuta kwenye ethanoli.

Shahidi aliye ndani

Sasa tuangalie spektra, yaani mchoro unaoonyesha mwanga kiasi gani umefyonzwa katika kila urefu wa wimbi. Ethanoli ina vifungo vingi vya kaboni na haidrojeni, na daraja lao la kwanza la juu linatokea kati ya nanomita 1690 na 1730 hivi. Hapo kaboni dioksaidi iko karibu kimya, kwa hiyo ndipo mahali pazuri pa kuihesabu ethanoli. Kifungo chake cha oksijeni na haidrojeni kinaonekana karibu na nanomita 1410 molekuli ikiwa peke yake, na kinasambaa kuelekea nanomita 1500 hadi 1600 molekuli zinaposhikana kwa vifungo vya haidrojeni. Kwa hiyo spektra ile ile inakwambia ethanoli ni kiasi gani na pia kama molekuli zake zimetawanyika au zimejikusanya vikundi. Ni vipimo vichache vinavyotoa habari za aina hiyo kwa mkupuo mmoja.

Kaboni dioksaidi nayo ina kanda zake, yaani sehemu za spektra inapofyonza mwanga: kundi la kanda zenye nguvu kati ya nanomita 1960 na 2060, na nyingine dhaifu zaidi karibu na 1430, 1575 na 1606. Ni kanda hizo hizo, karibu na mikromita 1.61 na 2.06, ambazo setilaiti ya NASA iitwayo OCO-2, iliyorushwa mwaka 2014, inazitumia kupima kaboni dioksaidi ya angani. Setilaiti inahitaji unene wa angahewa yote ili ione kitu. Katika mtungi wetu msongamano ni mkubwa mno kiasi kwamba sentimita moja ya giligili yatosha kuzifunga kabisa kanda zile zenye nguvu, mwanga usipite hata chembe. Anayetumia njia ya mwanga ya milimita moja au mbili atazisoma hizo. Anayetumia sentimita nzima itambidi aende kwenye zile dhaifu.

Hapa ndipo ulipo mtego. Kipimaji cha mwanga kinahesabu molekuli zilizopo kwenye njia yake, hakijui asilimia. Tuseme ethanoli ni molekuli mbili katika kila mia, na pampu ikaongeza shinikizo kutoka bar 90 hadi 100. Kwa kaboni dioksaidi tupu, msongamano umepanda karibu asilimia 30. Molekuli zote zimesogezwa pamoja, ukanda wa ethanoli umekua kwa kiasi kinachokaribia hicho, na mtu anayesoma ukanda huo peke yake ataandika kwamba ethanoli imeongezeka. Haikuongezeka hata tone. Kinyume chake ni cha hatari zaidi: shinikizo likishuka kidogo mwishoni mwa kazi, ukanda wa ethanoli unanywea, msimamizi anaamini jeli imekauka, naye anafungua.

Wapo wanaojaribu kulitatua hili kwa kusoma geji ya shinikizo na kipimajoto, kisha kukokotoa msongamano. Kwa maoni yangu hiyo ni njia dhaifu hapa. Geji iko mahali pamoja na kipimajoto mahali pengine, na mtungi una sehemu za joto na za ubaridi; karibu na kikomo, kosa la nyuzi moja ni kosa kubwa la msongamano. Isitoshe, majedwali ya msongamano ni ya kaboni dioksaidi tupu, na iliyomo imechanganyika na ethanoli ambayo kiasi chake ndicho hasa hukijui. Njia iliyo bora ni kumwuliza shahidi aliye ndani. Kaboni dioksaidi imepita kwenye mwanga ule ule, katika sekunde ile ile, kati ya madirisha yale yale. Ukigawanya ukanda wa ethanoli kwa ukanda wa kaboni dioksaidi, msongamano unajifuta juu na chini, na umbali kati ya madirisha, ambao nao unaweza kubadilika kidogo chuma kinapotanuka, unajifuta pia. Kinachobaki ni uwiano wa molekuli kwa molekuli, ambao ndio swali tuliloanza nalo.

Ufutaji huo si kamili. Nguvu ya kila ukanda inabadilika kidogo molekuli zinapobanwa, kanda zinasogea na kupanuka, na ukanda wa hidroksili hautabiriki kwa kuwa unategemea vikundi vya molekuli. Ndiyo maana nashauri hesabu itegemee kanda za kaboni na haidrojeni, na hidroksili isomwe kama maelezo ya ziada. Ndiyo maana pia vipimo vya kulinganishia lazima vifanyike ndani ya shinikizo lenyewe, kwa michanganyiko iliyopimwa kwa uzito na kupitishwa katika bar na nyuzi zote zitakazotumika. Kielelezo, yaani hesabu ya kugeuza spektra kuwa kiasi, kilichotengenezwa kwa ethanoli iliyomo kwenye chupa mezani hakiwezi kuhamishiwa mtungini.

Kanda zinapopandana, kama zinavyopandana za maji na za kaboni dioksaidi karibu na nanomita 1950, kugawanya ukanda kwa ukanda hakutoshi, na hapo hutumika takwimu za vigeu vingi. Wazo lake ni kwamba hutazami kilele kimoja. Unatazama umbo zima la spektra na kutafuta ni mabadiliko gani ya umbo yanayoandamana na mabadiliko ya kiasi. Njia hizi zina nguvu, na kwa sababu hiyo zinataka tahadhari. Kielelezo kitatoa namba hata kikipewa spektra ya kitu ambacho hakijawahi kukiona, na namba hiyo itaonekana nadhifu kama nyingine zote. Mfumo wowote wa kuaminika lazima uonyeshe pamoja na kila namba ni kiasi gani cha spektra kimeshindwa kuelezwa. Masalio hayo yakikua, usiiamini namba. Kagua dirisha, kagua taa, uliza kama kuna kitu kigeni kimeingia.

Kuna alama nyingine isiyohitaji hesabu yoyote. Giligili ikianza kutengana kuwa tabaka mbili, au ikikaribia mno nukta ya kikomo, inakuwa na ukungu. Mwanga unatawanyika, na mstari wote wa msingi wa spektra unapanda, hasa upande wa mawimbi mafupi. Kwa mchanganyiko wa ethanoli na kaboni dioksaidi katika nyuzi 40, utengano unawezekana chini ya bar 80 hivi. Msimamizi anayeuona msingi ukipanda katikati ya ukaushaji hana haja ya kungoja kielelezo. Aongeze shinikizo kwanza.

Saa chache mbele ya skrini

Tufuatilie ukaushaji mmoja tangu mwanzo. Kihisio kimewekwa kwenye bomba la kutokea, na spektra mpya inakuja kila baada ya sekunde kadhaa. Dakika za kwanza ethanoli ni nyingi, kwa kuwa ile iliyomwagwa mtungini kuvizunguka vipande inasukumwa nje yenyewe. Kisha mstari unaporomoka kwa kasi. Anayeona mporomoko huo kwa mara ya kwanza hudhani kazi imekwisha, kumbe imeisha sehemu rahisi tu. Ethanoli iliyo ndani ya vitundu haisukumwi na pampu. Inajipenyeza yenyewe, molekuli moja moja, kutoka kiini cha kipande hadi ukingoni, na muda wake unafuata mraba wa unene. Kipande chenye unene maradufu kinataka muda mara nne. Kwa hiyo mstari unaingia kwenye mkia mrefu, ukishuka polepole kiasi kwamba macho yanauona kama umelala.

Hapo ndipo kipimo cha papo kwa papo kinapojilipa, lakini kwa masharti kwamba tunakumbuka kinapima nini. Kinapima bomba, si moyo wa jeli. Mtiririko ukiwa wa kasi, ethanoli kidogo inayotoka kwenye vipande inazamishwa na kaboni dioksaidi nyingi, na usomaji unakuwa karibu na sifuri hali ya kuwa ndani bado kumelowa. Jaribio ninaloliamini ni hili: simamisha mtiririko, shinikizo na joto vibaki palepale, ngoja, kisha ruhusu tena mtiririko na utazame. Ikiwa jeli bado ina ethanoli, wakati wa kungoja itakuwa imejipenyeza nje na kujikusanya, na mstari utaruka kabla ya kushuka tena. Ukubwa wa mruko huo ndio habari kutoka ndani. Mruko usipoonekana, ndipo mtu anaweza kusema kwa haki kwamba jeli imekauka.

Kipimo hiki si cha kila kitu. Kwa kafeini, kwa mfano, nisingekipendekeza kiwe cha kwanza. Kafeini inayeyuka kwa uchache sana katika kaboni dioksaidi, molekuli yake haina hidroksili, na kiasi hicho kiko chini ya kile ambacho infraredi ya karibu inakisoma kwa uhakika. Mwanga wa urujuanimno utaiona vizuri zaidi. Lakini katika mtambo huo huo maji ndiyo yanayoamua kama buni zitaiachia kafeini, na maji yanasomeka vizuri kwa infraredi ya karibu. Kwa karafuu hali ni nyingine. Unguja na Pemba zimezoea kuitoa mafuta kwa mvuke. Kaboni dioksaidi ya superkritiko nayo inayatoa vizuri, na yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, ina hidroksili ya fenoli, ina pete na ina kundi la methoksi, vyote vikiacha alama katika infraredi ya karibu. Mafuta yanayotoka kwa wingi namna hiyo yanaweza kufuatiliwa tangu kilele hadi mkia.

Katika plastiki, matumizi yamekwenda mbali zaidi. Katika chuo cha Imperial, London, kundi la Sergei Kazarian lilionyesha kwamba polima ikiwekwa katika kaboni dioksaidi ya shinikizo, spektra za infraredi ya karibu zinatoa habari mbili kwa wakati mmoja: ukanda wa kaboni dioksaidi unakua kwa kuwa gesi imeingia ndani ya polima, na ukanda wa polima unapungua kwa kuwa polima imevimba na sehemu yake imesukumwa nje ya njia ya mwanga. Ni ushahidi ule ule wa ndani, ila hapa gesi iliyoyeyuka inatoa habari za polima iliyoipokea. Viwanda vya dawa vina sababu ya ziada ya kuvutiwa: tangu Septemba 2004, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ina mwongozo unaohimiza ubora upimwe wakati dawa ikitengenezwa, usingojwe kupimwa ikiwa imekwisha kufungwa.

Turudi mtungini. Mtiririko umesimamishwa mara mbili na hapakuwa na mruko. Kati ya nanomita 1690 na 1730 mstari umelala, na kanda za kaboni dioksaidi zimesimama peke yake. Sasa shinikizo linashushwa, taratibu, joto likishikiliwa juu ya nyuzi 31 ili giligili iwe gesi bila kupita kwenye hali ya kimiminika. Kwenye skrini kanda za kaboni dioksaidi zinafifia hatua kwa hatua kadiri msongamano unavyopungua, msingi ukibaki tambarare, mpaka geji inaposoma sifuri na boliti zinaanza kulegezwa. Vipande vinatolewa vikiwa vizima, na ukivishika mbele ya kitambaa cheusi vinaonekana vya buluu hafifu, kama moshi wa udi ulioganda.